Upana wa Jeneza

Nilifika Mwembetanga na karatasi kwapani,
futi kiunoni,
na barabara ya mita tisa isiyokuwapo bado
ila kwenye wino: imenyooka
kama maneno ya mtu asiyengoja jibu.

Nikaikunjua barazani kwa Bi Kidawa.
Pembe moja akaigandamiza kwa mchi,
ya pili kwa sahani ya visheti,
mbili zilizosalia wakazikalia wajukuu.
Akaitafuta nyumba yake kwa kidole chenye unga.
"Ndiyo hiyo, namba mia na kumi na nne."
"Na hapa ulipokaa?"
Nikatazama ramani.
Nilipokaa palikuwa mtaro.

Nikamsomea faida: ghorofa sita,
choo kila mlango, tangi juu ya paa, taa za njiani.
Hakunikatiza.
"Choo cha ndani nakitaka," akasema,
"kuliko unavyodhani. Usinione mtu wa makumbusho.
Paa hili linavuja tangu Mbarouk wangu hajaota meno,
na sasa meno yameanza kumtoka."
Kisha akaweka mtandio sawa, akabadili sauti,
na wanawake waliokuwa wakichambua mchele
wakajua kuna kinachokuja:

*Mchoraji nauliza, ramani yako ya nani?
Baraza umelimeza, tuongee dirishani?
Ngazi umezipotoza, zipande hadi mbinguni,
Siku nikishanyamaza, nitashushwa njia gani?*

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Nduguye, Bi Msimu, alikaa ghorofa ya tano
kwenye majumba marefu.
Alipokufa, vijana walifika kona ya kwanza ya ngazi
jeneza likagoma.
Wakalirudisha. Wakaliinamisha.
Fundi Vuai alishika upande wa kichwa,
Vuai yuleyule aliyezipiga plasta ngazi zile ujanani
kwa kipimo alichopewa.
Mwisho wakalisimamisha.
"Dada yangu," akasema Bi Kidawa, "alitoka kwake wima,
kama aliyepanga foleni ya mafuta ya taa."

Usiku ule sikuanza na barabara.
Nilianza na jeneza, urefu wake, upana wake,
na mabega ya wanaopokezana,
maana jeneza halibebwi na wanne, hubebwa na mtaa.
Hapo ngazi zikapanuka zenyewe.
Nikauliza sufuria la pilau ya harusi litainjikwa wapi,
maji ya masika yanapita wapi hivi sasa, kabla sijayaamuru,
na saa tisa alasiri kivuli kinaangukia ukuta wa nani.
Mita tisa zikawa tano,
mahali pengine tatu na nusu.
Mstari ukapinda.
Nikauacha upinde.

Ofisini Bwana Haroub aliutazama mchoro, akavua miwani.
"Kipimo gani hiki, cha maiti?"
Nikamwambia: cha walio hai, wakiwa na mzigo.
Hakujibu. Akaweka kidole kwenye pembe,
juu ya duara la mafuta lililoachwa na sahani ya visheti.
"Na uchafu huu?"

Sikuwa nimeufuta. Niliuzungushia kalamu ya risasi
na ndani yake nikaandika, kwa herufi za ofisi:
*baraza; pawe wazi; pasijengwe.*

Mchoro ungali mezani kwake, haujapigwa muhuri.
Juu yake pana faili, juu ya faili pana kikombe.
Nami kila nikipita Mwembetanga
Bi Kidawa haniulizi habari za ofisi.
Husogeza ungo wa mchele,
hupangusa jiwe kwa upindo wa kanga,
huniambia, "Karibu mtaroni,"
nami hukaa.